Mama Futi, Aliyejua Saa ya Kwenda Hospitali

Marehemu dada yangu, fundi cherehani mliyemwita Mama Futi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1953, mtoto wa pili wa mpiga chapa na mkunga. Mimi ni kitindamimba wao.

Alimaliza darasa la nane mwaka 1967. Darasani alikaa dirishani, mbali na vumbi la chaki, kwa sababu ya pumu. Hesabu alizijua balaa.

Mwaka 1971 alianza kushona sare za shule. Tarehe 2 Agosti 1975 alifunga ndoa na seremala, shemeji yangu, aliyegeuka karani wake. Dada alitaja vipimo kwa mkupuo, "Kifua thelathini na sita, kiuno thelathini, bega kumi na tano," naye akiandika.

Januari 1984, shule zikikaribia kufunguliwa, alisema "Kifua" akakwama. Alivuta dawa, haikusaidia. Shemeji akasema, "Pumzika kidogo, itapoa." Mimi, mjuaji, nikabandika maji ya moto ya kumfukiza. Alifika hospitali midomo imebadilika rangi. Daktari alitufokea: "Hawezi kumaliza sentensi, dawa haijamsaidia, mlikuwa mnangoja nini?"

Tangu hapo, kipimo kikikatika na dawa ikishindwa, shemeji alifunga duka, wateja wawemo wasiwemo. Walikwenda hospitali mara kumi na moja. Watu walisema anadeka. Na mimi nilisema, Mungu anisamehe. Alinijibu, "Bora nirudishwe nyumbani nikichekwa."

Pumu haikumuua. Narudia, haikumuua. Figo zilianza kushindwa mwaka 2022. Alhamisi tarehe 16 Mei 2024, saa nane mchana, akiwa kitandani hoi, alimsikia mjukuu wake wa miaka tisa chumba cha pili akijibu neno moja moja.

"Kavuta dawa?"

"Kavuta, mama," binti yake akajibu, "lakini tutakuachaje hivi?"

"Mpelekeni sasa hivi! Mimi nina kitanda, yeye hana pumzi."

Wakaenda. Mimi nilibaki nimemshika mkono. Saa kumi simu ikaita: mtoto amewekewa oksijeni, anaongea.

"Anasemaje?" dada akauliza.

"Anataka soda."

Dada akacheka. Saa kumi na moja na dakika ishirini alitutoka.

Ameacha mume, mabinti wawili, mimi mdogo wake, na mjukuu huyo aliyeketi mstari wa mbele, ambaye leo hajanyamaza tangu nyumbani hadi hapa.

Pumzika salama, dada. Mtoto anapumua.