Durita Lamhauge, Aliyewafuata Wapinzani Baharini

Baada ya miaka thelathini na sita ya kuitumikia Klabu ya Mpira ya Hvannavík, Bi. Durita Lamhauge anastaafu rasmi tarehe 31 Julai, siku mbili baada ya mechi yetu ya marudiano ya raundi ya kwanza ya mchujo wa Ulaya. Kamati ilimwomba apumzike tangu Mei, msimu ukiwa bado tulivu. Alikataa katakata. Alisema hawezi kuwaachia wageni wa Julai watu wasiojua hata kutandika kitanda.

Ukurasa huu ulitakiwa uwe na picha yake. Tangu aajiriwe tunayo moja tu, na humo anaonekana mgongo, kwa kuwa alikuwa anafukuza kondoo golini. Mtaniwia radhi basi, nitajaribu kumchora kwa maneno. Mimi ni Hanus, mkata tiketi wa mlangoni, na nimefanya naye kazi kwa muda mrefu kiasi kwamba siku hizi ananituma kwa kidevu.

Aliajiriwa kufua jezi. Wakati huo uwanja wetu ulikuwa wa kokoto. Jezi zilirudi na matope, damu na shombo, maana nusu ya timu ilitoka moja kwa moja kiwanda cha samaki. Durita alizifua na kuzianika kwenye kamba aliyoifunga toka mlingoti mmoja wa goli hadi mwingine, na upepo wetu hauna adabu. Beki wetu wa kulia wa enzi hizo anaapa mpaka leo kwamba jezi yake iliokotwa kisiwa cha pili. Kufua kukazaa kupika, kupika kukazaa kutunza funguo. Klabu ilipofuzu mara ya kwanza kucheza mchujo, kamati ikajiuliza nani atawapokea wageni, na vichwa vyote vikageukia chumba cha kufulia.

Mchujo wa Julai si ule mpira wa kwenye televisheni wenye taa na mbwembwe. Wakubwa bado wako likizo. Sisi wadogo ndio tunaokabana koo, ili mshindi apate heshima ya kwenda kuchinjwa na wa kati. Lakini Durita aliwapokea wote kana kwamba ni mabingwa wa dunia. Timu ya Malta ilipolalamikia baridi, aliwakusanyia hita zote za kijiji, hata za kanisa, nasi ibadani tukaimba tukitetemeka. Meneja wa timu moja ya Latvia alirudi kutoka mlango wa ndege kurudisha taulo saba, baada ya Durita kumpigia simu na kumwambia kwa upole kwamba anazijua kwa idadi.

Hayo ni ya kuchekesha. Ila nikimuaga Durita bila kuigusa siku ya ukungu, nitakuwa nimewadhulumu ninyi na yeye.

Ulikuwa mwaka wa kwanza uwanja wetu kuruhusiwa kuchezewa mechi ya Ulaya. Kabla ya hapo tulipanda feri kwenda Tórshavn, mji mkuu wa visiwa vyetu, tukawa wenyeji kwenye nyumba ya kuazima. Tulipangiwa timu kutoka milima ya Armenia, na kule kwao tulitoka sare bila bao. Atakayeshinda hapa kwetu ndiye anayevuka. Sisi hatukuwahi kuvuka raundi hata moja. Tulikuwa tumejaribu mara sita, na mara zote sita tulirudi kuvua samaki mapema.

Nahodha alikuwa Tróndur, mwana pekee wa Durita. Alikuwa beki wa kati, mkata minofu kiwandani, mwenye miaka thelathini na minne na goti la kulia ambalo daktari alisema limebakiza msimu mmoja tu. Katika mara zote sita alikuwemo uwanjani. Alikuwa na haja moja tu, avuke raundi moja kabla goti halijamfungia mlango. Kijiji kizima tuliijua haja hiyo, na mama yake kuliko sote.

Ukungu ukatua siku mbili kabla ya mechi, ukajikalia. Ndege ya Waarmenia ilizunguka juu yetu, ikakata tamaa, ikaenda kulala Iceland. Durita alikuwa amewaandikia waje mapema zaidi, wakaona ni porojo za mama mpishi. Siku yenyewe ya mechi ukungu ulipanda kidogo uwanja wa ndege, wakatua. Lakini kati ya uwanja wa ndege na kijiji chetu kuna bahari. Feri ya asubuhi ilikuwa imeshaondoka, ya jioni ingewafikisha watu tukiwa tumeshakwenda kulala, na helikopta hairuki kwenye ukungu.

Msimamizi wa mechi, Mswisi mmoja mpole, alitusomea kanuni ofisini. Mechi inaweza kusogezwa hadi saa mbili usiku, basi. Wasipofika, tunapewa ushindi wa mabao matatu kwa bila.

Tuliinamisha macho kama watoto walioachwa peke yao na keki. Hakuna aliyecheka, ila kichwani kila mmoja alikuwa ameshavuka. Mwenyekiti wetu Eyðun akasafisha koo.

"Basi, ndugu zangu. Tutafanyaje? Ni mapenzi ya Mungu."

"Mungu yupi huyo?" Durita akauliza kutoka mlangoni, aproni kiunoni. "Hebu mtu anipe simu. Nampigia Pætur."

Pætur ni mdogo wa marehemu mumewe, na ana boti ya kuvulia.

"Durita, hii si kazi yako," Eyðun akamwambia.

"Mkataba wangu unasema nipokee wageni. Haukusema niwapokelee wapi."

Tulipofika gatini, Tróndur alikuja mbio na mabuti ya kiwandani, anachechemea.

"Mama, waache. Mara hii moja tu. Waache huko huko."

"Wana njaa."

"Tórshavn kuna hoteli! Ukungu hatukuuleta sisi. Na wewe uliwaambia, wakakupuuza."

"Eti wakanipuuza. Nitawasema vizuri njiani."

"Mama, goti langu halina mwaka mwingine. Unajua."

"Najua, mwanangu. Si mimi ndiye ninayelikanda?" Akakaza mkanda wa aproni mpaka nikadhani utakatika. "Fungua kamba hiyo tuondoke."

Hakuifungua. Alisimama pale mikono mfukoni, machozi yakimlengalenga. Niliifungua mimi, na kabla sijajua nimefanya nini nilikuwa ndani ya boti nimekabidhiwa rundo la ndoo.

"Hanus wee, utazigawa hizi tukitoka bandari ya Tórshavn," Durita akaniambia. "Usisubiri waombe."

Waarmenia walitungoja gati la Tórshavn wakiwa na suti za klabu na viatu vinavyong'aa. Walipoiona boti wakatazamana. Kocha wao Gevorg, bwana mnene mwenye masharubu, alimuuliza Pætur kwa Kiingereza cha kuokoteza kama kina cha maji ni kirefu.

"Kinatutosha sote," Pætur akamjibu, akawasha injini. "Shemeji, wakalishe juu ya nyavu, wasije wakanilalia usukani."

Tulipoingia bahari wazi, suti ziliisha heshima. Watu wale wamezaliwa milimani, na mawimbi ya kwetu hayaulizi mtu katoka wapi. Mshambuliaji wao, mrefu mmoja aitwaye Narek, aliikumbatia ndoo yake akawa haiachii. Durita alipita katikati yao boti ikilala huku na huku, hajashika kitu, anawafuta nyuso kwa taulo za klabu na kuwagombeza kwa lugha yetu.

"Niliwaambia mje mapema. Niliwaambia au sikuwaambia?"

Hawakuelewa hata neno moja, na wote waliitikia kwa vichwa.

Kisha ukungu ukafunguka. Mbele yetu ukasimama ukuta wa kisiwa chetu, mweusi, unapanda mpaka shingo inauma kuutazama, na ndege wa baharini kwa maelfu wakiuzunguka. Mimi nilizaliwa chini ya ukuta ule, nikaudharau kama mtu anavyodharau paa la nyumba yake. Siku hiyo niliuogopa. Waarmenia waliinuka mmoja baada ya mwingine, hata wagonjwa, na kipa wao akafanya ishara ya msalaba. Niligeuka nikamtazama Durita aliyesimama kati yao na taulo begani. Mfua jezi wetu alikuwa anawavusha watu hawa, kwa hiari yake, waje wamnyang'anye mwanawe kitu pekee alichokitaka. Nikashikwa na hofu ile ile iliyonishika mbele ya mwamba. Sina jina lake. Ni heshima iliyokua mpaka ikawa woga, na haijanitoka hadi leo.

Tulifika kukiwa bado na muda kidogo. Wageni walikuwa kijani kama mwani, na kocha wetu alipowaona alisugua viganja.

"Wamefika! Haya, tuanze sasa hivi."

"Hawajala," Durita akasema.

"Durita, hawa ni wapinzani!"

"Wakiwa mezani kwangu ni wageni. Wapinzani wataanza saa mbili."

Ufunguo wa geti la uwanja ulikuwa mfukoni mwa aproni yake, na mfuko huo hakuna mwanamume wa Hvannavík aliyewahi kuutia mkono. Akawapa supu ya samaki, akawapa viazi, akawalaza kwenye magodoro ya ukumbi wa shule na kuwavua viatu kwa mkono wake. Msimamizi wa mechi alitazama saa yake, akaitazama keki ya jemu, akavuta kiti.

Saa mbili kamili geti likafunguliwa, jua la Julai likiwa bado juu ya vilima. Sijaona mechi kama ile. Tróndur alicheza kana kwamba goti ameliazima kwa kijana. Aliokoa mpira mmoja kwenye mstari wa goli. Alipanda kwenye kona akapiga kichwa, mpira ukagonga mtambaa wa panya, na kijiji kizima kikashika kichwa kwa pamoja. Tulikuwa tumebaki na dakika za kuhesabu kwa vidole Narek alipopokea mpira akiwa amelipa goli letu mgongo. Aligeuka mara moja tu. Tróndur alikuwa mahali panapotakiwa, amefanya kila linalofundishwa, na bado mpira ulipita ukalala kwenye kona ya nyavu. Lilikuwa bao safi, na niliumia zaidi kwa sababu lilikuwa safi.

Kipenga cha mwisho kilipolia tuliwasikia kondoo mlimani. Durita alikwenda uwanjani na blanketi. Tróndur akampita bila kumtazama. Durita akalikunja blanketi lake taratibu, akarudi jikoni kuosha vyombo vya wageni.

Kijiji hakikuwa na huruma, tusidanganyane. Dukani mzee mmoja alimwambia ameuza Hvannavík kwa sufuria ya supu. Durita alimjibu kwamba supu hakuuza, aligawa, kisha akalipia maziwa yake akaondoka. Lakini nyumbani kwake mambo yalikuwa mazito zaidi. Tróndur alipasuliwa goti, hakucheza tena. Kila Jumapili alikuja kula kwa mama yake. Akala, akashukuru kwa chakula, akaondoka. Kiangazi chote kikapita hivyo, na Durita, aliyekuwa akiimba wakati wa kufua, alifua kimya.

Ilikuwa vuli, kondoo wameanza kuteremshwa kuchinjwa, mimi na Durita tunakunja jezi, Tróndur alipoingia na mkongojo. Akakaa juu ya kapu la nguo.

"Mama. Yule mrefu."

"Narek."

"Kumbe jina umelishika?"

"Mtu ametapika kwenye ndoo yangu tangu Tórshavn mpaka hapa, nitamsahauje?"

Tróndur akatazama sakafu. "Alikuwa anajua mpira."

"Alikuwa anajua sana."

"Usingemleta..." Akaulaza mkongojo chini. "Usingemleta, Mama, ningekufa nikiamini kwamba ningeweza kumzuia."

Durita aliendelea kukunja. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo. "Goti lingekuwa zima, ungemzuia."

"Wapi! Hata lingekuwa zima."

Wakatazamana. Aliyeanza kucheka sijui ni nani, ila walicheka mpaka wakashikana, na kicheko cha Durita kikageuka kilio, na cha mwanawe pia. Nilichukua kapu tupu nikatoka nalo nje, nisijue nalipeleka wapi.

Miaka imepita mingi tangu hapo, timu nyingi zimekuja, na raundi bado hatujavuka. Mwezi wa tatu, kabla kamati haijatangaza nafasi ya Durita, barua ya maombi ilikuwa imeshafika, ya mtu mmoja tu. Tróndur Lamhauge ndiye atakayepokea wageni wetu kuanzia tarehe mosi Agosti. Tulimuuliza kwa nini anataka kazi yenye taulo nyingi na shukrani chache namna hii. Alisema anataka kuona nyuso za wageni wanapoteremka gatini.

Bi. Durita, tunakushukuru kwa jezi safi, kwa supu, kwa maneno makali na kwa mlango ambao hukuufunga hata ulipokuwa na kila sababu. Enzi zako hatukushinda raundi hata moja, na hakuna mmoja wetu anayeona haya kulisema hilo mbele ya wageni. Siku ya mechi kiti cha mbele jukwaani ni chako, nawe utakaa, utaletewa chai, wala usiinuke kukagua vikombe. Upate afya, usingizi wa kutosha na Jumapili ndefu pamoja na mwanao. Wageni usiwawaze. Tutawalisha kwanza washibe, ndipo tujaribu kuwafunga.