Sista Kamanda na Filamu Zisizo na Steringi

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, Sista Mkuu wa Wodi ya Mifupa ya Wanaume atakabidhi funguo za kabati la dawa na kwenda nyumbani. Nyumbani huitwa Mama na Bibi. Hapa wagonjwa humwita Sista Kamanda, nasi tukafuata. Hajawahi kuvaa gwanda wala kushika bunduki. Cheo hicho alikipata kwa kupenda filamu.

Alianzia wodi ya watoto, akahamishiwa kwetu angali msichana, tena mfupi wa kimo, na wanaume waliolala pale wakamdhania mwanafunzi. Dhana hiyo haikuvuka chai ya asubuhi. Fundi bomba mmoja aliyeapa kwamba haogeshwi na mwanamke alijikuta ameoga, amenyolewa ndevu na ameshukuru, na nadhani hadi leo haelewi ilikuwaje. Mimi ni fundi wa chumba cha plasta, mlango wangu unatazamana na wake, kwa hiyo haya sikusimuliwa.

Mapenzi ya sinema aliyapata kwa mjomba wake, mkata tiketi, aliyekuwa akimpitisha mlango wa pembeni. Wasichana wenzake walipenda filamu za mapenzi. Yeye alipenda za vita, tena si zote. Zile ambazo steringi mmoja anamaliza jeshi zima bila kuchafua shati alizicheka. Alizipenda za zamani, za vikosi vya watu walioshindikana: mwizi aliyetolewa jela, mpishi mwoga, karani asiyeona bila miwani, mbishi aliyekwisha kufukuzwa kila kambi. Wanatumwa kazi ambayo wakubwa wanaona hasara kumtuma askari wa maana. Wanagombana, wanaibiana soksi, halafu polepole, bila mtu yeyote kuwahutubia, wanaanza kungojana njiani. Hapo ndipo Sista alipokuwa akivuta kiti mbele.

Alinieleza siku moja tukinywa chai kwamba wale watu hawaombwi wawe wema wala hodari, wanaombwa tu wasiachane, na hilo hata mwizi analiweza. Nilimwona anatia chumvi. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa akizungumzia wodi yake.

Kila Ijumaa mchana aliileta runinga yake mwenyewe, ile ya kisogo kikubwa, juu ya kitoroli cha chakula, pamoja na deki iliyotafuna kanda mpaka mbeba machela aipige kofi la ubavuni. Wale wanaume walikuwa wamelala wiki baada ya wiki, miguu imening'inia kwa kamba na vizito, kila mmoja akijiona mzigo kwa mkewe. Baada ya filamu mbili tatu ungewaona wamebadilika. Mwenye mikono mizima alimlisha aliyevunjika mikono, mwenye magongo akawa tarishi, na kinyozi aliyevunjika nyonga aliwanyoa wenzake akiwa amelala. Wakapeana vyeo, na Sista akawa Kamanda. Jamaa mmoja aliyeletwa na pingu akafanywa bwana ghala, na sukari ya wodi ikaacha kupotea. Siku zile zilikuwa na raha yake, na kila nikipita pale ninazikumbuka.

Ila filamu zake hazikuwa zikifika mwisho. Ikikaribia robo ya mwisho Sista alizima na kutangaza kwamba kanda imeharibika mbele. Wagonjwa walinung'unika, wakajitungia miisho, wakabishana mpaka daktari wa zamu akaja kuuliza kulikoni. Mmoja aliyekwisha kuruhusiwa alirudi na spiriti na kitambaa, aisafishe deki. Mimi nilijua kwamba kanda zile ni nzima. Filamu za namna hii hazina steringi, na pasipo na steringi yeyote anaweza kufa. Mwishoni kikosi karibu chote huteketea, na Sista hakutaka wagonjwa wake walione jambo hilo.

Kisha akaletwa mwashi aliyeanguka kutoka juu ya jukwaa la ujenzi. Mguu ulikuwa umeoza chini ya goti, na daktari alisema usipokatwa upesi utamuua. Mwashi alikubali. Lakini jirani yake kitandani, dereva wa lori aliyekuwa mchekeshaji wa wodi nzima, alipelekwa chumba cha upasuaji na hakurudi. Mwashi akageukia ukuta. Akasema hakatwi, afadhali afie pale pale. Wengine wawili wakaomba kwenda nyumbani. Mke wa mwashi alilia koridoni, daktari akabembeleza, wapi.

Ijumaa ile tulidhani runinga haitawashwa. Sista aliiwasha. Ilipofika robo ya mwisho alikwenda kwenye deki, kidole juu ya kitufe, akasimama pale kitambo, kisha akakiondoa. Akawaambia kanda hazikuwa mbovu hata siku moja, ni yeye aliyekuwa akiogopa. Akaketi ukingoni mwa kitanda kitupu cha dereva, nasi sote tukatazama. Walikufa mmoja mmoja, na kila aliyeanguka alikuwa na mwenzake wa kumshika. Wanaume wazima walilia bila kujificha. Nami nililia, plasta ikinikaukia mikononi.

Mwashi aliuliza jambo moja tu: dereva alikuwa na nani kule ndani. Sista akamjibu kwamba alikuwa naye, alimshika mkono tangu mlangoni mpaka mwisho, na kwamba hata usingizi ulipokuwa ukimchukua alikuwa akivitania viatu vya Sista. Sahani za jioni zikakusanywa. Ndipo mwashi akauliza kama Sista yupo zamu kesho. Kesho ilikuwa siku yake ya mapumziko, sote tulijua. Akasema yupo.

Alikuja, akatembea kando ya machela mpaka ndani, na mwashi akatoka hai. Tangu hapo hakuna mgonjwa wa wodi ile aliyekwenda kisuni peke yake, na hakuna filamu iliyozimwa kabla ya kwisha.

Sista Kamanda, tunakushukuru kwa wote uliowashika mkono, wakiwemo wafanyakazi wenzako, maana nasi tuliletwa kwako tukiwa tumeshindikana kwingine. Tunakutakia afya, usingizi wa kutosha, na wajukuu watakaokuachia rimoti. Siku ya tarehe thelathini mwashi ameomba akusindikize yeye, kutoka wodini mpaka getini. Siku hizi anatembea kwa mguu wa bandia, tena polepole, kwa hiyo tafadhali usiwe na haraka.