Mafua Yaliyotolewa Nguruwe

Mwaka 2009, kwenye basi dogo la kwenda mtaa wa Khuwair, huko Omani, abiria mmoja, Cornelius, alijifanya amelala ili asikie vizuri. Mbele yake Bi Zuwena, Mwomani aliyekulia Bujumbura, alikuwa akimlilia nesi Mkenya waliyekutana humo humo.

"Mwanangu Maan yuko Ufaransa, kapata haya mafua ya nguruwe. Mawifi zangu wanasema kamla! Nitauweka wapi uso?"

"Mama, hayatokani na kula. Ni kupigiana chafya tu."

"Waambie wao! Lakini leo kanipigia simu. Wafaransa wameyapa jina jipya, la grippe A. Mafua A, basi. Nguruwe hayumo!"

"Si ugonjwa ni ule ule, mama?"

"Subhanallah! Maradhi yamezaliwa juzi, washayakosha na kuyatwaharisha!"

Cornelius, ambaye hajawahi kumstaajabia Mfaransa, alifumbua macho akastaajabu.

"Na homa imeshuka?" nesi akauliza.

"Ya Maan imeshuka. Imebaki ya mawifi."

Basi likasimama. Bi Zuwena akashuka kichwa juu, simu sikioni. "Wifi, nna khabari za Maan. Ana la grippe A. Huijui? Basi kaa kitako, nikueleze."