Wawili Tuliosimama Nje

Wazee wangu, shikamooni. Na wengine nawasalimu. Padri ameniambia niseme kosa langu kwa kifupi, niombe radhi, kisha niingie ndani nikae na wenzangu. Padri, nisamehe. Kwa kifupi sitaweza.

Kosa mnalolijua ni la hirizi. Wengi wenu mlikuwapo siku ile kwenye mto Zigi. Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wenu wa ubatizo, nimesimama katika maji, nawashika mkono wanaobatizwa wasiteleze. Nikateleza mimi. Nilipoinuka, kanzu nyeupe imenigandama mwilini, na kiunoni inaonekana hirizi ya ngozi nyeusi, imefungwa kwa uzi.  Kisha mama mmoja akapiga kelele kutoka ng'ambo, "Nyani haoni kundule!" Mlicheka nyie! Na mlikuwa na haki ya kucheka, maana hirizi zenu nilizikata kwa kisu changu mwenyewe na kuzichoma mbele ya kanisa.

Niliivaa kwa woga. Walimu wawili wa kabla yangu walikufa kwa homa katika nyumba ile ile niliyopewa mimi. Nikaenda Mwera kwa mganga, huku nikiwaambia ninyi kuwa nakwenda kumtazama mjomba. Uongo huo nao uhesabuni.

Lakini ndugu zangu, nawaambia, hirizi ni kosa dogo. Kubwa ni lile mlilolicheka pamoja nami.

Katika kambi ya shamba la mkonge kulikuwa na mama mmoja wa bara. Alikuja na mumewe, manamba wa mkataba, kisha mume akamkimbia. Akabaki peke yake akianika katani kiwandani, mikono imechubuka kwa maji ya mkonge. Alikuwa na binti wa miaka minne. Mtoto akaugua, nikaitwa, nikamkuta ana hirizi shingoni. Nikamwambia mama, "Ikate, la sivyo simbatizi." Alilia, akaikata. Nikambatiza mtoto. Siku ya tatu akafa, tukamzika hapo, ndani ya ua wa kanisa. Na mimi wakati namwambia mama yule maneno yale, yangu ilikuwa kiunoni. Nilipoinama kumtia mtoto maji, ilinibana.

Baada ya matanga akaja barazani kwangu. "Mwalimu, nataka kubatizwa. Nikifa nilale karibu na mwanangu." Desturi yetu mnaijua: asiyebatizwa tunamzika nje ya ua, kule kwenye minyaa.

Basi nilikuwa na swali langu moja la kuwaangushia watu katika mtihani wa ubatizo. Yohana aliwabatiza wenye dhambi. Yesu hakuwa na dhambi. Kwa nini basi alibatizwa? Jibu nililolitaka lilikuwa refu, nililikariri chuoni na sikupata kulielewa. Mwaka wa kwanza yule mama alijibu kwa Kiswahili chake cha bara, "Labda alisikia joto, mwalimu." Darasa zima likavunjika mbavu. Hapo hapo nikampa jina, Mama Labda, nanyi mkalipeleka mpaka kisimani. Alitaka jina la ubatizo, nikampa hilo.

Mwaka wa pili aliinama tu. Nikamwambia kichwa chake ni jiwe la kusagia. Mwaka wa tatu akasema, "Aliona watu wamo majini, naye akaingia."

"Ndiyo nini hiyo?" nikamwuliza.

"Ndiyo hivyo tu, mwalimu."

Nikamrudisha tena. Juma lililofuata ndipo nilipoteleza mtoni.

Adhabu yangu mliiona. Kila Jumapili nisimame nje ya mlango huu, kichwa wazi, miguu mitupu, mpaka ibada iishe. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Rafiki zangu mlipita mkitazama mawingu. Watoto wenu walinitupia maganda ya machungwa, na hakuna aliyewakanya.

Jumapili ya tatu yule mama akaja. Hakuingia. Akasimama ubavuni pangu.

"Mama, ingia ndani. Wewe huna kosa."

"Najua."

"Watu watadhani mambo, mimi na wewe."

"Waache wadhani."

Na mlidhani! Mgeni mmoja kutoka Tanga mjini aliuliza, "Hawa wawili wametenda nini?" Mzee mmoja wa kanisa akamjibu, "Wazinzi." Nilisikia. Yule mama naye alisikia, na hakuondoka. Hapo, jua likinichoma utosi, ndipo nilipolielewa swali langu mwenyewe. Yesu alisimama pale Yordani katikati ya wenye makosa, na wapita njia wakadhani ni mmoja wao. Akawaacha wadhani. Niliona haya, ndugu zangu, haya kuliko siku ya mtoni.

Alisimama nami kila Jumapili mpaka masika. Mvua ikamnyea, kifua kikambana. Jumapili moja hakuja, nikamfuata kambini mchana ule ule. Nilimkuta juu ya mkeka, pumzi inakatika. Padri alikuwa amekwenda Kigombe.

"Mwalimu, nibatize."

"Mimi? Mimi nimetengwa. Mimi ndiye ninayehitaji kubatizwa na wewe."

Akanitazama, akasema, "Tia maji, mwalimu. Siku zote una maneno mengi."

Nikachota maji katika debe kwa kata. Nusu yakamwagika mkekani. Nikambatiza, nikampa jina. Hakufika alasiri.

Padri aliporudi alisema maji ni maji, na aliyeyatia hayaharibu. Tukamlaza karibu na binti yake. Padri, ahsante kwa neno lile. Namshukuru mke wangu, aliyeniletea maji ya kunywa pale mlangoni bila kunisema. Na namshukuru jirani yangu wa Tongoni, Mwislamu, aliyenisaidia kuchimba kaburi kwenye mvua, hali wazee wa kanisa mlikuwa barazani mnangoja ianuke.

Fundisho langu ni dogo. Ukimwuliza mtu swali la Mungu, kwanza hakikisha wewe unalijua jibu. Na akikujibu kwa maneno machache, usimcheke.

Limebaki moja. Yule mgeni wa mjini namwona amekaa pale dirishani. Bwana, siku ile uliuliza hawa wawili wametenda nini, ukajibiwa uongo. Mimi nilinyamaza, kwa sababu ilinifaa kuwa na mwenzangu katika aibu. Leo nakujibu mimi. Mmoja alivaa hirizi, na akamtesa mjane wa mume aliye hai. Mwingine hakutenda kitu. Aliniona nimo majini, naye akaingia.