Makofi ya Detlef

Jana jioni, katika maktaba ya mji, Detlef Wüstner alipiga makofi. Kupiga makofi si kosa. Kosa ni kuyapiga baada ya shairi la kwanza, peke yako, kwa viganja vipana vya fundi mwashi, hali kila Mjerumani mwenye akili zake anajua mashairi husikilizwa kama mazishi: kimya mpaka mwisho. Shingo zote ziligeuka. Mshairi, Solveig Tannert, akanywa maji, akamkodolea macho. Njiani kurudi nyumbani, mkewe Detlef, mwenyekiti wa chama cha wasomaji, akaapa: mshairi akiuhama mji kwa ajili ya makofi yale, na wewe utafute pa kuhamia. Ndiyo maana asubuhi hii Detlef aliwahi benchi la kibanda cha kahawa cha Roswitha, mkabala na stesheni, akakikumbatia kikombe cha kahawa kama mgonjwa wa homa.

— Kimya kingi kina mshindo mkuu, alisema Treni, kama walivyomwita dereva huyo mstaafu wa reli. Na mshindo ulikuwa wewe, ndugu yangu.

— Ataondoka kweli? aliuliza Detlef. Meya kamwomba aongeze mwaka mmoja kama mshairi mgeni wa mji wetu. Anatoa jibu leo.

— Ataondoka tu, alisema Kansela, aliyebandikwa jina hilo kwa kuzijua siri zote za serikali bila kuambiwa. Ndiyo kazi ya washairi hao, kuhamahama. Mwaka huu kalala bure kwenye mnara wa mji wetu. Mwaka jana kwenye kinu cha upepo cha mji jirani, mwaka juzi ngomeni. Tuzo kabati zima, na hana sofa!

— Na wasomaji anao? aliuliza Treni.

— Mmoja tu, shangazi yake. Naye kafariki.

— Acha ushenzi, Kansela, alisema Detlef.

— Serikali huwahamisha makusudi. Mshairi akizoeleka, watu wataanza kumwelewa. Haba na haba hujaza kibaba!

— Kibaba gani tena? alidakia Treni. Mimi nasema hata mashairi hakuna. Ile glasi yake ya maji jana mliiona? Kila ukurasa, funda moja. Yule katumwa na kampuni ya maji.

Detlef hakucheka. Alikuwa anawaza sanduku lake la nguo liko wapi.

Ghafla koti la mvua likasimama mbele yao. Ndani yake, Solveig Tannert.

— Habari za asubuhi, mabwana. Nani alipiga makofi jana?

Treni na Kansela, marafiki wa kufa na kuzikana, wakasogea kila mmoja ncha yake ya benchi. Detlef akabaki katikati kama mshtakiwa.

— Ni mimi, bibi. Nisamehe sana.

— Nikusamehe? Miaka ishirini nasoma kwenye kumbi hizi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kushindwa kujizuia. Wewe ulishindwa! Sasa hivi naenda kumwambia meya nabaki. Ila niambie kwanza: mstari gani ulikugusa hivyo?

Detlef akamtazama Treni. Treni akatazama reli. Kansela akachungulia kikombe chake kitupu. Roswitha, mwenye kibanda, akatoka na birika, akammiminia Detlef kahawa.

— Alidhani umemaliza, alimwambia mshairi.