Shemeji na Ile Alama ya Kujumlisha

Kijiwe chetu kiko pembeni, pale barabara ya lami inapokutana na uchochoro, kati ya kibanda cha kinyozi na ukuta wa ofisi ya maji ambako mimi nafanya kazi maabara. Mbao mbili juu ya matofali, jiko la mkaa, birika la kahawa, na watu ambao hawajawahi kukosa jibu la swali lolote duniani. Kahawa anapika Shemeji. Mumewe alikuwa mwashi na alikuwa mkaaji wa kijiwe hiki hiki. Alipofariki, mkewe akaja na birika, na wote wakaendelea kumwita Shemeji. Mimi peke yangu namwita dada, naye ananiita hivyo hivyo. Asubuhi ninayoisimulia alikuwa na mtihani wa kemia saa nane mchana. Chuo cha uuguzi kilishamkubali, masomo mengine alishayafaulu, kemia tu ndiyo ilikuwa imesimama mlangoni kama mgambo. Akianguka tena, nafasi yake inapewa mwingine. Basi birika likawa jikoni, kitabu juu ya ndoo, na kijiwe kizima kikajitolea kumsaidia. Simjui mwanafunzi aliyewahi kupata msaada mwingi kiasi hicho bila kuuomba.

— Hapa ndipo ninapozama — alisema Shemeji huku akimimina. — Sodiamu ina elektroni kumi na moja. Mbili zinakaa karibu na kiini, nane zinafuata, moja inabaki nje peke yake. Mpaka hapo sina ugomvi na mtu. Halafu ile moja inaondoka, inakwenda kwa klorini. Kitabu kinasema sodiamu sasa ni ioni chanya, eti inawekewa alama ya kujumlisha. Mtu kapoteza, anajumlishiwa nini? Mtihani uliopita niliandika alama ya kutoa. Nikakosa. Na moyoni bado naona nilipatia.

Wa kwanza kukohoa alikuwa Profesa. Cheo hicho alijipa mwenyewe. Kabla ya hapo alikuwa fundi redio.

— Kosa lako, shemeji, unaisoma ile alama kama hesabu.

— Kumbe ni nini?

— Gari la wagonjwa umeliona?

— Nimeliona.

— Ubavuni lina alama gani?

— Hiyo hiyo.

— Basi. Sodiamu imejeruhiwa. Imenyofolewa kiungo. Wataalamu wakaibandika alama ya hospitali ili atomu nyingine ziipishe njia.

Nilifungua mdomo. Shemeji akanitazama kwa jicho la kuniambia nisubiri. Ana uvumilivu kuliko mimi, ndiyo maana yeye anakwenda kuuguza watu na mimi napima maji.

— Upuuzi mtupu — alisema Betri. Huyu ni fundi wa betri za magari, na hajawahi kuamka asubuhi isiyo na kasoro. — Na kahawa leo nyepesi. Sikilizeni. Mimi chanya nashika kwa mikono yangu kila siku. Chanya ni waya mwekundu. Hiyo elektroni ilipochomoka, palichubuka. Pakawa pekundu. Imeisha hiyo.

— Kwa hiyo klorini iliyoipokea ni nyeusi? — aliuliza Kocha toka kwenye kibanda cha kinyozi.

— Tii.

— Klorini ina rangi ya kijani inayoelekea njano — nilisema. — Naijua, nafanya nayo kazi.

— Hiyo ya ofisini kwenu. Ya serikali hiyo, imeshachakachuliwa.

Kocha alikuwa amesimama mlangoni pa kibanda chake, mkono mmoja una mashine, mwingine una kikombe, na nyuma yake mteja kanyolewa nusu kichwa. Yeye ni kinyozi, na jioni anafundisha timu ya mtaa.

— Shida yenu nyie hamjacheza mpira. Sodiamu ni timu. Wako kumi na moja, si ndiyo? Mmoja kala kadi nyekundu. Wamebaki kumi. Timu iliyopungua inacheza kwa hasira, inakaba mpaka refa anaogopa. Hiyo nguvu ndiyo wanaiita chanya.

— Na magnesiamu inayopoteza mbili? — aliuliza Shemeji, na nikaona kwa huzuni kwamba anauliza kwa dhati.

— Kadi mbili, hasira mara mbili. Chanya mbili.

— Kalisiamu?

— Nayo mbili. Wewe unadhani mifupa inakuwa migumu kwa sababu gani?

Mteja wa nusu kichwa akaomba, kwa upole, amaliziwe. Hakuna aliyemsikia.

Shemeji alifunga kitabu. Hakukifunga kwa kishindo, alikifunga kama mtu anayefunika chakula ambacho hakitaliwa.

— Jamani, nawapenda. Lakini nikiandika hayo leo, nitawamiminia kahawa hapa mpaka niote mvi.

Basi nikajitosa, na nikaanza vibaya: nikasema atomu iko katika hali ya msawazo wa chaji, nikasema uwiano wa protoni kwa elektroni. Shemeji alikuwa ananiitikia kwa kichwa vizuri sana. Nalijua itikio hilo, nilikuwa nikilitoa mwenyewe chuoni nikiwa sijaelewa hata neno moja.

— Na hili benchi lina msumari — alisema Betri. — Nimeshasema, lakini mimi nani anisikilize.

Hapo ndipo nilipoona njia.

— Dada, tuiache sodiamu. Elektroni yenyewe, kabla haijakwenda popote, ina chaji gani?

— Hasi.

— Na kule kwenye kiini?

— Kuna protoni. Chanya. Nazo kumi na moja. Zinalingana na elektroni, kwa hiyo atomu nzima haina upande.

— Vizuri. Sasa niambie, hapa kijiweni mnung'unikaji ni nani?

Vidole vyote vikaelekea sehemu moja. Hata cha mteja wa nusu kichwa.

— Mimi? — alisema Betri. — Mimi nasema ukweli, nyie mnaita kunung'unika. Tangu asubuhi nimelalamikia nini? Kahawa, benchi, na Profesa na gari lake la wagonjwa. Vitu vitatu tu. Haya, bakini wenyewe. Naenda kwa watu wenye adabu.

Akachukua kikombe chake, akavuka barabara, akaenda kwa wazibaji pancha, ambao benchi lao lilikuwa na nafasi moja tupu mwishoni. Akakaa.

— Kijiwe kimepoteza mtu — nikamwambia Shemeji. — Kimekuwaje?

Akatazama. Profesa alikuwa ameshanyoosha miguu pale alipokuwa amekaa Betri. Kocha anacheka peke yake.

— Kimechangamka.

— Si kimepoteza?

— Kimepoteza manung'uniko.

— Na furaha, imeletwa nyingine kutoka wapi?

— Haijaletwa. Ni ile ile iliyokuwepo, ila sasa hakuna wa kuizima. — Birika likasimama hewani. — Ngoja. Protoni hazikuongezeka.

— Hata moja.

— Ziko zile zile kumi na moja, na elektroni zimebaki kumi. Chanya imezidi kwa moja. Kumbe ile alama haisemi kilichoongezeka. Inasema kilichozidi.

Nilikaa na wahadhiri wenye tai shingoni, na sikumbuki kusikia sentensi safi kama hiyo. Najua elektroni haina kinyongo, na mwalimu yeyote wa kemia angenitoa darasani kwa mfano ule. Lakini Shemeji tayari alikuwa anatazama ng'ambo.

Wazibaji pancha, waliokuwa wakicheka juu ya simu moja, walikuwa wameacha kucheka. Mmoja anatazama mawingu. Mwingine anakagua mpira wa baiskeli usio na tatizo lolote. Betri anaongea.

— Wao wamepata mtu — alisema Shemeji taratibu — na wamekuwa hasi.

— Hiyo ndiyo klorini. Nje ina saba, ilikuwa inatafuta wa nane.

— Mwenzao wa nane ndiye huyo sasa. Maskini.

Tukakaa. Profesa akasema kwamba mwanga wa radi una uzito. Hakuna aliyembishia. Akasema tena, kwa sauti zaidi. Kocha akachezea mashine yake.

— Hata kuongea hakunogi — alisema Profesa mwishowe, akageukia barabara. — Betri, rudi bwana, kahawa inapoa.

— Ilikuwa imepoa toka mwanzo — likaja jibu, na mwenyewe nyuma yake, akivuka huku akimfokea mwendesha baiskeli.

— Na chanya na hasi zinavutana — alisema Shemeji, akakifungua kitabu. — Ndiyo chumvi. Dada, niulize.

— Alumini.

— Mbili, nane, tatu. Inaachia tatu. Chanya tatu.

— Oksijeni.

— Mbili, sita. Inachukua mbili. Hasi mbili.

— Neoni.

— Mbili, nane. Imejaa. Haitoi, haipokei.

— Kama mwenye nyumba wangu bomba likivunjika, hatoi hela wala hapokei simu — alisema Kocha, akarudi kwenye kile kichwa.

Betri hakurudi peke yake. Nyuma yake alikuja mwanamume mgeni kwetu, mwenye shati la kazi, aliyekuwa anatafuta fundi kwa sababu gari lake lilikuwa limegoma kuwaka. Betri akamwambia akae kwanza, gari halikimbii. Shemeji akainamisha birika mpaka mwisho, likatoa kikombe kimoja, akampa mgeni. Kisha akavua aproni, akaikunja.

— Nataka kusema neno kabla sijaondoka — alisema. — Mnanidanganya sana. Lakini tangu mwenzangu atangulie, sijawahi kufika hapa asubuhi nikakosa mtu wa kuniita shemeji, jina la nyumbani kwangu. Nawashukuru.

Profesa akatazama viatu vyake. Nami nikajikuta natafuta kitu mkobani ambacho hakikuwemo.

— Mwaka ule mgongo uliponilaza — alisema Betri, akiongea na birika, si na mtu — ulikuwa unaniletea kikombe kitandani kila asubuhi kabla hujawasha jiko hapa. Nilikuwa nakwambia kimepoa. Hakikuwa kimepoa. Nenda, shemeji. Usichelewe. Sisi ndio tunaoshukuru.

— Nilijua hakikuwa kimepoa — alisema Shemeji.

Akachukua mfuko wake wa kalamu, akaenda zake akipita kwenye kivuli cha ukuta, midomo inacheza. Mbili, nane, moja. Nilimwona Profesa anavuta pumzi ili atulinganishe sisi na sodiamu, nikamkanyaga mguu.

Yule mgeni alinywa fundo, akamtazama mwanamke anayekwenda.

— Anakwenda wapi?

— Kwenye mtihani — nilisema. — Akifaulu anaingia chuo cha uuguzi, mbali na hapa.

— Atafaulu?

— Atafaulu — tulijibu wote kwa pamoja, na nadhani ni jambo la kwanza kijiwe kile kukubaliana.

— Vizuri. — Akanywa tena, akatazama ndani ya kikombe. — Kahawa nzuri hii. Sasa akishaondoka, hapa atapika nani?

Profesa aliinamia kikombe chake. Kocha alikumbuka kwamba ana mteja. Mimi, na shahada yangu, nililitazama lile birika kama mashine niliyoletewa bila maelezo, na nikagundua kwamba sijawahi kumuuliza dada anatia nini kwanza, maji au kahawa.

Gari la mgeni lilikuwa bado limegoma, lakini Betri hakwenda huko. Aliinuka, akafunua birika, akachungulia ndani, akasema ni zito mno kwa kitu kisicho na kitu, akaenda nalo bombani kutia maji.