Fundi wa Mapazia Aliyetutembeza Milimani

Mpaka saa nne na dakika kumi asubuhi ya Alhamisi iliyopita, tarehe 6 Februari 2025, hakuna mtu katika familia hii aliyejua kwamba marehemu alikuwa na viatu vya kupandia mlima. Tumevivua miguuni mwake kwa mikono yetu. Mdogo wake, ambaye ndiye anayewasomea haya, bado haamini, na mtamwia radhi akikwama katikati ya sentensi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 katika hospitali ya misheni iliyo nyuma ya stesheni, mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yake alikuwa fundi wa reli na mama yake mshonaji. Alipokuwa na miaka minne alipata polio. Alipona, lakini mguu wa kushoto ukabaki mfupi, na tangu hapo alitembea kwa kuchechemea.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1975 hadi 1981. Alipokuwa darasa la sita, wenzake walipelekwa kuona maporomoko ya maji, naye akaachwa darasani kulinda mikoba. Waliporudi aliwahoji mmoja mmoja kama polisi: maji yalikuwa na sauti gani, mawe yaliteleza vipi, nani alilia. Jumatatu mwalimu aliporudisha insha, ya kwake ndiyo iliyoongoza. Aliyeshika nafasi ya pili akalalamika, "Mwalimu, huyu hakwenda." Mwalimu akamjibu, "Na wewe uliyekwenda uliona nini? Umeandika mistari sita."

Mwaka 1986 alianza kushona mapazia katika chumba cha mbele cha mama yake, na mwaka 1999 akafungua duka lake mkabala na ofisi ya maji. Simu za intaneti zilipoingia, sikio moja lilikuwa la mteja, la pili lilikuwa na waya wa simu. Alisikiliza podikasti, vile vipindi vya sauti vya mtandaoni, za watu wanaovuka majangwa kwa miguu, wanaolala mapangoni, wanaopiga makasia kwenye mito yenye mamba. Ukienda kuchukua mapazia yako, ulikuta karatasi imebanwa kwa pini kwenye pindo: wiki hii sikiliza hii, anzia kipindi cha tatu, kwenye viwili vya kwanza mtangazaji anajisifu mno. Mumewe alizoea kumtania kwamba anawauzia watu kitu cha kuziba dirisha, kisha anawasimulia yaliyoko nje. "Ndiyo biashara yenyewe," alikuwa akijibu.

Mwaka 2018 zile karatasi ziligeuka kuwa podikasti yake mwenyewe, Nje Kuna Nini, ya kuwapendekezea watu podikasti za milima, misitu na safari. Alirekodi Jumapili mchana, duka limefungwa, amezungukwa na marobota ya vitambaa yanayomeza kelele. Baadaye akanogewa, akaanza kusimulia safari "zake". Mvua ilikuwa mchele unaomwagwa kwenye sinia. Nyayo zilikuwa kokoto ndani ya karai, naye amevaa kandambili mikononi, anatembeza mikono. Mdogo wake alimfuma hivyo siku moja, akamwuliza kama amechanganyikiwa. "Niko mita elfu nne," alisema, "usinipotezee pumzi." Familia ilijua kwamba anarekodi. Haikujua kwamba watu elfu kumi na moja wanamsikiliza.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 19 Desemba 1992, na mtunza stoo wa shule ya sekondari, na wakajaliwa watoto wawili. Shemeji yetu ni mtu mwenye huruma, hilo halina ubishi. Kwa miaka thelathini na miwili hakumwacha mkewe abebe ndoo wala apande ngazi bila kumshika kiwiko. Alimwekea bomba la kushikia ukutani, kutoka chumbani hadi jikoni.

Marehemu alikuwa na presha tangu mwaka 2016, na kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi alihudhuria kliniki. Alhamisi hiyo pia aliaga kwamba anakwenda kliniki. Saa nne na dakika kumi simu ilimkuta mumewe stoo, anapanga maboksi ya chaki. Mpigaji alijitambulisha kuwa mlinzi wa msitu, akasema anasikitika, mama amefariki huku mlimani.

"Pole, ndugu yangu, umekosea namba," mumewe alimwambia. "Mke wangu yuko kliniki."

Yule mtu akauliza, "Mzee, mke wako anachechemea mguu wa kushoto?"

Shemeji alikaa juu ya maboksi, na walimu wawili ndio waliomwinua.

Marehemu alifariki saa tatu na dakika ishirini, moyo wake uliposimama, kwenye kilomita ya pili ya njia ya kupanda mlima. Daktari ametuambia kwamba ungeweza kusimama vilevile akiwa kwenye cherehani.

Msibani, neno lilianza kutembea kabla ya chai. Ameondoka nyumbani kwa uongo, amefia porini, na aliyekuwa naye ni dereva wa lori. Kaka yetu mkubwa, kwa nia njema, aliandika wasifu mwingine unaosema marehemu alifia njiani akielekea kliniki. "Si uongo," alisema, "kliniki iko njia hiyohiyo." Shemeji hakukubali wala hakukataa. Kwa siku nne aliuliza swali moja tu, kila aliyeingia alimwuliza: "Kwa nini hakuniambia?"

Jumatatu dereva huyo alikuja, pamoja na nesi waliyepanda naye, wote wawili wasikilizaji wa podikasti. Nesi ndiye aliyemkandamiza marehemu kifua kwa nusu saa, na viganja vyake vilikuwa bado vinauma.

"Mzee, sisi tulishajua kwamba hajawahi kwenda," dereva alisema. "Kipindi cha hamsini na tatu, Mama yuko kileleni, kwenye theluji, jogoo akawika."

"Jogoo wa jirani wa dukani," shemeji alisema, asijue acheke au alie.

"Tulicheka wiki nzima. Halafu tukamwandikia: Mama, tunajua, hatukukasirikii, njoo tukupeleke kweli. Akafanya mazoezi miezi minne, anazunguka soko."

Nesi alimkabidhi shemeji kinasa sauti cha marehemu. Kilikuwa kinarekodi marehemu alipoanguka. Jana shemeji alijifungia nacho dukani, na alipotoka alimtaka mdogo wa marehemu asikilize pia. Dereva anasikika akiuliza, "Mama, mzee anajua uko huku?" Naye marehemu, akihema, anajibu: "Nitamwambia jioni. Nikimwambia kabla, hatanikataza, huyo hajawahi kunikatalia kitu. Atanifuata nyuma amebeba kiti." Anacheka. "Leo acha nichoke."

Shemeji alichukua karatasi ya kaka, akaikunja, akamrudishia kwa heshima. "Soma ilivyokuwa," alimwambia mdogo wa marehemu. "Mke wangu alikwenda mlimani. Na wa kubeba kiti kile ni mimi, usikifiche."

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, kaka wawili, dada mmoja na mdogo wake anayesoma hapa. Ameacha pia wasikilizaji, ambao leo wamesimama nyuma kule na viatu vyenye matope. Wasogee mbele, ni wafiwa.

Wasifu kama huu hufungwa kwa kumwombea marehemu apumzike. Mumewe ameomba tusiseme hivyo. Amesema mke wake aliambiwa apumzike kwa miaka hamsini na miwili, na watu waliompenda, yeye akiwa wa kwanza, na inatosha.

Aende kwa amani.